Gome, Ribiti na Gamba: Namna ya Kuchapa Picha kwa Mkono Ukiwa Kigoma

Simu yangu ina picha mia tatu na ushee za miembe ya Ujiji. Zilizofaa kuchongwa kwenye ubao hazifiki kumi. Nyingine ni nzuri za kutazama tu: majani ya kijani, anga la buluu, mtoto kapita na baiskeli. Ukizipeleka kwenye kibao zinakufa, maana kibao cha kuchapia hakijui kijani wala buluu. Kinajua mambo mawili, palipo na wino na pasipo na wino. Ilinichukua karibu miaka miwili kulielewa hilo, na hiyo miaka miwili sitaki uipoteze na wewe.

Nitaeleza ninavyofanya mimi hapa mtaani Mwanga, mjini Kigoma, kwa vifaa vya madukani kwetu. Mashine huhitaji. Tafuta simu yenye kamera, kipande cha ubao, kijiko na mwavuli mbovu. Ndiyo, mwavuli. Tutaufikia.

Kwanza: piga picha kivuli

Jua la Kigoma lina tabia yake. Nchi nzima tunafuata saa moja, ila sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo jua linatufika utosini kama saa saba mchana, dakika arobaini hivi baada ya Dar es Salaam. Ukisikia mpiga picha wa Dar anasema epuka saa sita, kwako wewe hiyo ni saa saba. Mwanga unaoutaka ni ule wa ubavuni: asubuhi kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu, jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linapogusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mwanga wa ubavuni ndio unaoupa kila ufa kivuli chake. Gome lile lile ukilirudia saa saba utadhani ukuta uliopigwa chokaa.

Anzia Ujiji. Ndiko njia ya misafara kutoka pwani ilikokomea. Wapelelezi Burton na Speke walifika kwa njia hiyo mwaka 1858, na mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapo chini ya mwembe. Mwembe wenyewe haupo tena, na iliyopo kwenye eneo la makumbusho husemwa ni uzao wake. Wageni wengi hupiga picha mnara wa kumbukumbu, wakapanda bajaji wakaondoka. Wewe nenda kwenye mashina ya miembe mikongwe, popote utakapoikuta mjini humo.

Siku moja nilikuwa nimechutama kwenye shina moja, simu karibu inagusa mti, mzee mmoja akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu wangu. Umedondosha nini hapo?"

"Sijadondosha kitu, mzee. Napiga picha gome."

Akacheka mpaka akakohoa. "Gome unalipiga picha! Gome linapapaswa."

Nikalipapasa, kwa adabu tu, ili asione nimempuuza. Kiganja kikawa kinateleza, kinakwama, kinateleza tena, na kila kilipokwama palikuwa na mpasuko wa kina kuliko nilivyodhani kwa macho. Tangu siku hiyo, mti wowote nikiutaka nafumba macho kwanza, napitisha kiganja taratibu, halafu pale kilipokwama ndipo naelekeza kamera. Ni kazi ya dakika moja, na inakuokoa na picha hamsini za bure.

Ukishapata mahali, simama jua likiwa upande wako wa kulia au wa kushoto, lisikae mgongoni. Sogea mpaka shubiri mbili. Piga nne au tano ukihama kidogo kidogo. Kisha usiondoke: pale pale fungua programu yoyote ya kuhariri picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, pandisha kontrasti mpaka kijivu chote kife. Ukiona bado ni gome, itunze. Ikiwa imekuwa doa jeusi, rudi ukapige nyingine jua halijapanda.

Vitu vingine vinavyolipa

Liemba. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka pale kwa reli. Ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la sasa. Historia tamu, ila kwa mchapaji utamu uko kwenye ribiti, vile vipini vya chuma vyenye vichwa vya mviringo vinavyounga mabamba. Chuma chake kimefungwa kwa ribiti, safu kwa safu, na jua la jioni linakipa kila kichwa cha ribiti mwezi mwembamba wa kivuli chini yake. Kuchonga nukta mia mbili zenye miezi yake ni adhabu, lakini ukichapa, mtu anakijua chuma kabla hajaambiwa.

Bandarini na kwenye stesheni ya reli omba ruhusa kwanza. Ukikataliwa, sema asante, geuka. Mlinzi yule yule utamhitaji mwezi ujao.

Makonokono ya ziwani. Makombe yake mengine ni mazito, yana mbavu na miiba kama ya baharini, kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 walikuwapo wataalamu wa Ulaya waliodhani Tanganyika liliwahi kuungana na bahari. Halikuungana. Ni ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka na kina cha mita 1,470, na viumbe wake wamepata muda mrefu wa kujitengenezea maumbo yao wenyewe. Okota kombe tupu, liweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha moja tu, zima taa, piga.

Mchikichi nao usiuache. Watu wanautazama juu, kwenye mikungu. Tazama shina: vikonyo vya makuti yaliyokatwa vimebaki vimepangana mshazari, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira.

Jambo la sheria, na nalisema mara moja tu. Mambo ya kale yanalindwa kwa sheria ya mwaka 1964. Usibebe kipande, usikwangue, usipake wino mnara au ukuta wa kale eti unataka chapa yake. Picha na macho yako vinatosha.

Kuhamisha picha kwenye ubao

Hapa ndipo nilipoaibika. Kibao changu cha kwanza kikubwa kilikuwa ubavu wa meli, ribiti zote, na jina lake juu. Nikalinakili jina kama nilivyoliona kwenye picha, nikachonga usiku mbili, nikachapa, nikainua karatasi kwa madaha mbele ya wadogo zangu. Ikasomeka ABMEIL. A, M na I zilikuwa zimetulia kama kwamba hakuna kilichotokea; L, E na B zimenipa mgongo.

Kila unachochonga kinatoka kinyume, kama kwenye kioo. Dawa yake ni rahisi. Peleka picha yako steshenari wakutolee kwa mashine ya fotokopi au printa ya unga. Ya wino wa maji haifai kabisa. Laza karatasi kifudifudi juu ya ubao, ibane kwa gundi ya karatasi pembeni isihame. Chovya pamba kwenye tina, ile ya kuzimulia rangi, ikamue, kisha pangusa mgongo wa karatasi kipande kwa kipande huku ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Unga mweusi unahamia kwenye ubao ukiwa kinyume, na ukija kuchapa unageuka tena unakaa sawa. Fanya nje, kwenye upepo, na jiko la mkaa liwe mbali. Tina inashika moto haraka kuliko petroli ya kwenye hadithi.

Kama huna tina, pitisha mistari kwa karatasi ya kaboni, lakini igeuze picha kwenye simu kabla ya kuitoa.

Ubao, ndala na mwavuli

Linoliamu, ile mfano wa zulia laini la sakafuni, wanayotumia wachapaji wa nchi nyingine hapa sijawahi kuiona dukani. Wala usihangaike. Kwa mazoezi tumia ndala kuukuu: soli yake inakatika kwa wembe kama jibini, na inatoa muhuri safi wa ukubwa wa kiganja. Nimewafundisha watoto wa jirani kwa ndala, na wanachonga majani ya mwembe kuliko mimi.

Kwa kazi ya kweli chukua mabaki kwa seremala. Mninga na mvule ni migumu, vitakuvunja moyo. Paini ni laini na ina mistari ya ukuaji inayojitokeza kwenye chapa. Nikichonga maji ya ziwa naiacha mistari hiyo ifanye kazi ya mawimbi. MDF, ule ubao wa kiwandani wa unga wa mbao ulioshindiliwa, haina nyuzi, inachongeka pande zote, ila vumbi lake ni baya kifuani, funga pua. Piga msasa uso wa ubao mpaka ukipitisha kidole hakuna kinachokamata.

Visu sasa. Mbavu za mwavuli, zile zenye mfereji kama herufi U, ndizo patasi zako. Kata kipande cha sentimita kumi kwa msumeno wa chuma. Noa ncha kwa tupa upande wa nje, kwa mshazari, umalizie kwenye kinoo chenye maji. Chomeka kwenye mpini wa kijiti cha mpera, funga kwa uzi na gundi. Mwavuli mmoja unakupa patasi nane, na ukitafuta miavuli ya aina tofauti unapata mifereji mipana na myembamba. Patasi kali inatoa unyuzi uliojikunja. Butu inatoa unga. Ukiona unga, acha, noa.

Kuchonga kwenyewe kuna kanuni moja ya usalama: mkono unaoshika ubao ukae nyuma ya patasi, daima. Nina kovu kwenye kidole cha shahada linaloeleza sababu. Chonga sehemu za mwanga tu, ukianza na zile zilizo nyeupe pe. Kwenye gome, mgongo wa kila kipande unaopigwa na jua ndio unaoondoka, mpasuko unabaki. Na usimalize yote siku hiyo hiyo. Acha weusi mwingi kuliko unavyoona unafaa, chapa nakala moja ya majaribio, itundike ukutani, kesho utajua pa kuongeza. Ubao uliokwisha kuchongwa haurudishiki.

Wino

Mafuta ya mawese tunayo tele, basi nikasema masizi ya kibatari kwa mawese yatatoa wino wa Kigoma halisi. Wiki tatu baadaye karatasi ilikuwa bado inapaka vidole, na kuzunguka kila mstari kulikuwa na doa la mafuta kama karatasi ya vitumbua. Mawese hayakauki, si mafuta ya kukauka. Yanayokauka ni ya kitani, wenye maduka ya rangi huyaita linsidi. Masizi laini yaliyochujwa kwa kitambaa, ukiyasaga na linsidi kwenye kioo mpaka yawe mazito kama asali ya baridi, yanatoa weusi mzuri.

Njia ya mkato ni kwenda kwa wachapaji wa kadi na vitabu vya risiti ukaomba wakuuzie mabaki ya wino mweusi kwenye kopo. Kijiko kimoja kinachapa nakala nyingi.

Matambara yenye linsidi usiyafinyange ukayatupa pembeni. Linsidi ikikauka inatoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kujiwasha lenyewe. Yaanike yakiwa yamekunjuliwa, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Kuchapa

Rola: chupa ya soda ya kioo uliyoivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Tandaza wino kwenye kioo, endesha rola mpaka usikie mlio kama wa mafuta kwenye kikaango cha mbali. Mlio huo ndio kipimo. Wino ukikaa kimya ni mwingi mno na utaziba mistari yako yote. Upake kwenye kibao mara tatu nne, kidogo kidogo.

Laza karatasi juu bila kuihamisha. Ya kawaida ya fotokopi inatosha kuanzia. Manila nene inahitaji nguvu za mkono. Sugua mgongo wake kwa kijiko cha chuma kwa miduara midogo, kutoka katikati kwenda nje. Inua kona moja, chungulia, irudishe, sugua palipofifia. Kisha tundika kwenye kamba kwa vibanio. Masika inaweza kuchukua siku nne kukauka, kiangazi siku moja au mbili.

Nguo nayo inapokea vizuri, hasa merikani. Kitambaa hicho kilichukua jina lake kwa Wamarekani waliokileta pwani, kikawa fedha ya misafara iliyokuja mpaka huku. Chapa ya gome la mwembe wa Ujiji juu ya merikani, ukiniuliza mimi, imekaa mahali pake.

Samaki kama kibao

Wavuvi wa Japani wa karne ya 19 walikuwa wakimpaka samaki wino na kumbandika karatasi ili ushahidi wa ukubwa wake ubaki. Wanaita gyotaku. Kwetu sisi watu wa ziwa ingekuwa aibu kuliacha hili.

Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi na mapema, siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa taa hawana kazi, na mwalo unapooza. Usinunue kuhe kwa ajili hii. Ni mtamu na ana umbo, ila magamba yake ni madogo, chapa inatoka kama kitambaa kisicho na ua. Ngege ndiye mwenye magamba ya kuhesabika.

"Mama, nipatie ngege mmoja asiyekatwa mapezi."

"Wa kukaanga au wa mchuzi, mwanangu?"

"Wa kuchapa."

"Wa ku-nini?"

Sasa ananiwekea mwenyewe. Nikimpelekea nakala anaibandika juu ya beseni lake.

Msugue samaki kwa chumvi na maji mpaka ute wote utoke, maana ute ndio unaoharibu chapa kuliko kitu kingine. Mkaushe kwa kitambaa, ziba mdomo na matundu mengine kwa tishu. Mlaze ubavu juu ya udongo wa mfinyanzi au kipande cha sponji, kunjua mapezi, yabane kwa pini. Paka wino mwembamba kwa brashi kutoka kichwani kwenda mkiani, halafu pitisha brashi kavu kinyume chake ili wino ukamate kingo za magamba. Jicho usilipake. Laza merikani nyepesi au karatasi nyembamba kabisa, na safari hii weka kijiko pembeni: tumia vidole, fuata mgongo, fuata kila mwiba wa pezi. Jicho utalichora baadaye kwa brashi. Samaki aliyepakwa wino wa mashine haliwi, hata paka usimpe. Mfukie kwenye shina la mpapai.

Picha isiyotaka kamera

Hii ni ya siku usiyo na nguvu ya kuchonga. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alieleza jinsi maji ya maua na majani yanavyopauka juani na kuacha picha. Sisi tunatumia manjano. Koroga vijiko viwili vya unga wa manjano kwenye spiriti kidogo, chuja, paka karatasi kwa pamba ukiwa chumba chenye giza, iache ikauke. Weka juu yake jani lenye umbo kali, la mpapai mchanga kwa mfano, funika kwa kioo cha fremu, toa nje kwenye jua la saa nne. Baada ya saa mbili tatu pembeni patakuwa pamepauka na chini ya jani manjano imebaki. Chovya kwenye maji ya magadi, picha inageuka nyekundu ya hudhurungi mbele ya macho yako. Haidumu ikikaa mwangani, kwa hiyo ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kisha itie ndani ya kitabu.

Sahihi, na kibao baada ya kazi

Amua mapema utachapa nakala ngapi. Chini kushoto andika kwa penseli namba, 3/12 maana yake ya tatu kati ya kumi na mbili. Katikati jina la chapa. Kulia sahihi yako. Ukishaandika 12, usichape ya kumi na tatu hata mteja akikuletea mbuzi.

Kibao kisafishe kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, halafu sabuni kidogo, kikauke kivulini. Kiviringishe kwenye kanga kuukuu, ukiweke juu ya kabati, si chini sakafuni. Kile changu cha ABMEIL nilikiacha chini miezi michache tu. Mchwa wameshaimaliza B, na sasa wako kwenye M.